Lugha Tatu Juu ya Msalaba



Ndugu wasikilizaji, na ninyi mnaosoma kitabu hiki baada ya somo, leo tutafundishana historia ya nchi moja ndogo, nchi ya Palestina, ambamo Bwana wetu alizaliwa. Nchi hiyo ilitawaliwa na wafalme wengi wa mbali, mmoja baada ya mwingine. Lakini kwanza nitawaeleza kwa nini nimechagua somo hili.

Katika kijiji ninapofundisha yuko mzee mmoja katekumeni. Siku moja tulikuwa tunasoma habari za Mateso. Tulifika pale Pilato alipoandika hati na kuiweka juu ya msalaba kwa lugha tatu: Kiebrania, Kilatini na Kigiriki. Mzee akainua mkono, akasema: «Mwalimu, mtu huyu aliuawa kwao, mbele ya ndugu zake. Lugha ya kwao haikutosha? Hizi mbili nyingine zililetwa na nani?» Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza kwa sauti ya chini: «Na sisi, maneno haya tunayosali ni ya nani? Marehemu baba yangu alisema kwamba dini hii ilikuja pamoja na kodi.»

Siku ile sikumjibu. Nilimwomba anivumilie mpaka juma lililofuata, kwa maana swali kama hilo halistahili jibu la haraka. Haya ndiyo niliyomwambia.

1. Nchi iliyo kando ya njia

Mwenye ramani ya Kitabu Kitakatifu aifungue. Asiye nayo achukue kijiti achore mavumbini. Upande wa kushoto weka maji mengi: ndiyo bahari ya Mediteranea. Upande wa kulia weka jangwa, pasipo maji wala miti. Chini, kusini-magharibi, chora mto Nili na nchi ya Misri. Juu, kaskazini-mashariki, chora mito miwili, Eufrate na Tigri, na nchi za Ashuru na Babiloni. Sasa tazama kile kipande chembamba kilichobaki kati ya bahari na jangwa. Hicho ndicho Palestina.

Ni nchi ndogo kweli. Kutoka Dani, kaskazini, mpaka Beersheba, kusini, hazifiki kilometa 250. Ziwa letu la Tanganika lina urefu wa karibu kilometa 670, maana yake ungeweza kuipanga nchi ile mara mbili kandokando ya ziwa, na nafasi ingebaki. Haina mto mkubwa wa kumwagilia mashamba kama Nili. Mto wake ni Yordani, nao huishia katika bahari ya chumvi isiyo na samaki.

Basi, wafalme wakubwa walitafuta nini huko? Walitafuta njia. Mtu wa Misri aliyetaka kwenda Babiloni na ng'ombe, punda na askari hakuweza kukata jangwa moja kwa moja, angekufa kwa kiu. Ilimpasa kupita katika kile kipande chembamba. Na mtu wa Babiloni aliyeitamani ngano ya Misri alipita hapo hapo. Mwenye nyumba kando ya njia kuu hakosi wageni, na wageni wengine hawabishi hodi.

2. Misri

Katika habari hizi nitahesabu miaka mbele ya kuzaliwa kwake Kristu. Kumbukeni kwamba miaka hiyo huhesabiwa kwa kushuka, kama mtu anayetelemka mlima: mwaka 1000 ni wa zamani kuliko mwaka 500.

Wamisri walitangulia. Karibu na mwaka 1457 mbele ya Kristu, mfalme wao Thutmose wa Tatu alipigana na wakuu wa Kanaani penye mji wa Megido, ulinzi wa ile njia kuu, akawashinda. Tangu hapo wakuu wa miji ya Kanaani walilipa ushuru kwa Farao kwa miaka mingi. Katika mwaka 1887 baada ya Kristu, huko Amarna katika Misri, zilivumbuliwa barua za wakuu hao, zilizoandikwa juu ya vibao vya udongo. Mmoja wao ni Abdi-Heba, mkuu wa Yeruzalemu. Anaomba askari, analalamika, anaapa kwamba yeye ni mwaminifu. Barua hizo zina umri wa miaka zaidi ya 3300, lakini mtu yeyote aliyewahi kuwa chini ya mkubwa wa mbali atazielewa bila kufundishwa.

Kuna na jiwe jingine la Misri, la mfalme Merneptah, la karibu na mwaka 1208 mbele ya Kristu. Liliokotwa katika mwaka 1896. Humo jina la Israeli limeandikwa, na katika maandishi ya mataifa mengine hatujui lililo la kale kuliko hilo. Na limeandikwa kwa sababu gani? Kwa kujisifu kwamba Israeli imeangamizwa, haina mbegu tena. Mfalme yule amekuwa maiti iliyokaushwa. Israeli, aliyesema kwamba imekwisha, ilikuwa bado haijampata mfalme wake wa kwanza.

3. Waashuru na Wababiloni

Karibu na mwaka 1000 mbele ya Kristu Daudi alitawala Yeruzalemu, na baada yake Solomoni, mwanawe. Wakati huo Misri ilikuwa imedhoofika, na wakubwa wa mashariki walikuwa hawajapata nguvu. Lakini baada ya Solomoni watu waligawanyika: Israeli kaskazini, mji wake Samaria, Yuda kusini, mji wake Yeruzalemu. Ndugu wakigawanyika, jirani mwenye nguvu hufurahi.

Jirani huyo alikuwa Ashuru, na mji wake mkuu baadaye ulikuwa Ninawi. Waashuru walikuwa na desturi moja ya kutisha. Walipolishinda taifa, waliwang'oa watu wake, wakawapeleka mbali, na mahali pao wakaleta wageni. Samaria ilianguka karibu na mwaka 722 mbele ya Kristu. Mfalme Sargon aliandika kwamba aliwahamisha watu 27.290. Hesabu hiyo ni yake yeye mwenyewe. Aliihesabu kama mtu anavyohesabu mifugo.

Katika mwaka 701 Senakeribu, mfalme wa Ashuru, akaja juu ya Yuda. Ezekia, mfalme wa Yeruzalemu, alikuwa amechimba mfereji ndani ya mwamba, wenye urefu wa zaidi ya meta 500, ili maji yaingie mjini na adui asiyapate. Mfereji huo upo mpaka leo, na watu hupita ndani yake miguu ikiwa majini.

Na hapo, ndugu, tunaikuta mara ya kwanza habari ya lugha. Mjumbe wa Ashuru alisimama nje ya ukuta, akaanza kupaza sauti kwa lugha ya Wayuda, ili kila mtu amsikie na kuogopa. Wakuu wa Yeruzalemu wakamsihi aseme nao Kiaramu. Mwaelewa? Kiaramu kilikuwa lugha iliyotumiwa na serikali ya Ashuru na wafanyabiashara wake. Ni ndugu ya Kiebrania, kama Kiswahili kilivyo ndugu ya Kinyarwanda: maneno mengine yanakaribiana, lakini asiyejifunza haelewi. Siku ile wakuu walikijua Kiaramu, watu wadogo hawakukijua.

Yeruzalemu haikuchukuliwa mwaka ule. Ninawi ndiyo iliyoanguka, katika mwaka 612, mikononi mwa Wababiloni na Wamedi. Lakini kuanguka kwa bwana mmoja si uhuru: bwana mwingine alikuwa tayari mlangoni. Nebukadneza, mfalme wa Babiloni, aliichukua Yeruzalemu katika mwaka 597, na karibu na mwaka 587 akaichoma pamoja na hekalu la Solomoni. Mfalme, mafundi, makuhani na watu wengine wengi walipelekwa Babiloni.

Huko uhamishoni hawakuwa na mfalme wala hekalu wala shamba la baba zao. Walibaki na nini? Walibaki na maneno. Waliyakusanya, wakayaandika, wakayasoma pamoja. Taifa lisilo na ukuta lilijijengea ukuta kwa kitabu.

4. Waajemi

Babiloni nayo haikudumu. Katika mwaka 539 Koreshi, mfalme wa Waajemi, aliingia mjini. Yeye alitawala kwa desturi nyingine: aliwaruhusu watu wa mataifa kurudi kwao na kuijenga upya miungu yao nyumba. Wayuda waliotaka walirudi, wakajenga hekalu la pili, likamalizika katika mwaka 515. Hata hivyo nchi haikuwa yao. Ilikuwa jimbo dogo la serikali kubwa mno, na kodi ililipwa kama zamani.

Waajemi walikitumia Kiaramu katika maandiko ya serikali tangu Misri mpaka mipaka ya Uhindi. Hati za mauzo, barua za wakubwa, mashauri ya ndoa, yote yaliandikwa kwa Kiaramu. Polepole lugha hiyo ikatoka barazani ikaingia sokoni, ikatoka sokoni ikaingia jikoni. Kitabu cha Nehemia chasimulia jinsi Sheria ilivyosomwa mbele ya watu wote, na walimu wakaifafanua ili watu waelewe. Na katika masinagogi ya baadaye ilikuwa desturi kusoma kwa Kiebrania, kisha mtu mwingine kueleza kwa Kiaramu.

Tazameni mabadiliko hayo. Katika mwaka 701 wakuu peke yao walijua Kiaramu. Miaka 700 baadaye mama wa Galilaya alimwimbia mtoto wake kwa Kiaramu. Ashuru imekufa, Babiloni imekufa, serikali ya Waajemi imekufa, lakini lugha waliyoitumia kuandikia kodi imekuwa lugha ya kubembelezea mtoto. Ndiyo lugha aliyoisema Yezu. «Abba», neno alilomwitia Baba yake, ni Kiaramu. Na neno «Kiebrania» lililo katika habari ya Mateso, wengi wenye elimu wanafahamu kwamba lina maana ya lugha hiyo ya Wayahudi wa siku zile.

5. Wagiriki

Katika mwaka 332 mbele ya Kristu alitokea kijana kutoka Makedonia, jina lake Alexander. Aliuzingira mji wa Tiro miezi saba, akauchukua. Kisha Gaza, kisha Misri, kisha nchi yote ya Waajemi. Alikufa huko Babiloni katika mwaka 323, hajafika miaka 33. Majemadari wake wakaligawana shamba lake kwa vita. Palestina ikawa kwanza chini ya wale waliotawala Misri, na tangu karibu na mwaka 200 chini ya wale wa Antiokia ya Siria.

Wagiriki walileta miji yenye michezo na maonyesho, sanamu, shule, na lugha yao. Mtu aliyetaka kuwa mtu mkubwa alijifunza Kigiriki, akabadili na jina lake. Vijana wakaanza kuona haya juu ya desturi za baba zao. Ndugu, habari hizo si ngeni kwetu.

Mfalme Antioko wa Nne hakuridhika na kodi tu, alitaka na roho za watu. Katika mwaka 167 alilinajisi hekalu na kuyakataza maagano ya Wayahudi. Wamakabayo wakashika silaha, na katika mwaka 164 hekalu likatakaswa. Wengi walikufa kwa ajili ya imani, wanaume, wanawake na watoto.

Lakini sikieni ajabu. Kitabu cha pili cha Wamakabayo, kinachosimulia vita hivyo juu ya Wagiriki, kiliandikwa kwa Kigiriki. Na huko Alexandria katika Misri, Wayahudi walikuwa wamekwisha kuanza kugeuza Vitabu Vitakatifu katika Kigiriki, kwa sababu watoto wao hawakujua tena Kiebrania. Mgeni alileta lugha yake ili atawale kwa hiyo. Mwenye nchi akaishika, akasema kwa hiyo neno lake mwenyewe.

6. Waroma

Wajukuu wa Wamakabayo walitawala karibu miaka 80. Halafu ndugu wawili wakagombania kiti, na wote wawili wakamwendea jemadari wa Roma ili awaamue. Hivyo ndivyo Pompeius alivyoingia Yeruzalemu katika mwaka 63 mbele ya Kristu. Mwamuzi huyo hakuondoka tena.

Waroma walimweka Herode kuwa mfalme. Alijenga sana: bandari ya Kaisaria, ngome, na hekalu lililopambwa upya. Na aliua sana, hata wana wake mwenyewe. Katika mwaka 6 baada ya Kristu Waroma wakauweka Yudea chini ya liwali wao. Wakahesabu watu na mali zao, kwa ajili ya kodi, na Yuda Mgalilaya akawainua watu waasi. Walishindwa. Yezu alikuwa bado mtoto. Alikulia katika nchi ambayo kila mtu mzima alikumbuka ni nini kilichowapata waliokataa kuhesabiwa.

Baadaye wapinzani walimwonyesha Yezu dinari, fedha ya kodi, yenye sura ya Kaisari. Sisi tunayasikia maneno hayo kanisani kwa utulivu. Lakini swali lao lilikuwa mtego wa kifo: akisema «lipeni», watu watamchukia, akisema «msilipe», Waroma watamuua.

Liwali wa tano alikuwa Ponsio Pilato, tangu mwaka 26 mpaka 36. Katika mwaka 1961 huko Kaisaria liliokotwa jiwe lenye jina lake, limeandikwa kwa Kilatini. Kilatini kilikuwa lugha ya askari na ya hukumu. Watu wa kawaida hawakukisema, walikitii.

7. Hati juu ya msalaba

Sasa turudi Kalvari. Msalaba ulikuwa adhabu ya Waroma kwa watumwa na waasi. Waliuweka karibu na njia, makusudi, ili kila apitaye aone na aogope. Na hati iliandikwa kwa lugha tatu ili pasiwe na asiyeelewa: kwa lugha ya Wayahudi, kwa ajili ya watu wa mji, kwa Kigiriki, kwa ajili ya wageni waliokuja kwa Pasaka kutoka nchi zote, kwa Kilatini, kwa sababu ndiye mwenye nguvu aliyehukumu.

Basi, ndugu, mbao ile ilikuwa kitabu kidogo cha historia. Kiaramu: hapo wamo Waashuru, Wababiloni na Waajemi. Kigiriki: yumo Alexander na majemadari wake. Kilatini: yumo Kaisari. Karibu miaka 800 ya watu waliopita juu ya nchi ile ndogo, pamoja na farasi zao na vitabu vyao vya kodi, ilipigiliwa juu ya kichwa cha mtu mmoja.

8. Baada yake

Katika mwaka 70 Waroma waliichoma Yeruzalemu na hekalu. Roma pangali pana lango la mawe la Tito, lenye sanamu za askari wakibeba kinara cha taa cha hekalu. Wayahudi waliasi tena tangu mwaka 132 mpaka 135, nao wakafukuzwa Yeruzalemu. Lakini baada ya mwaka 380, katika Betlehemu yenyewe, mtakatifu Yeronimo aliketi kuzigeuza Maandiko za Kiebrania katika Kilatini. Lugha ya hukumu ya Pilato ikawa lugha ya Misa.

Karibu na mwaka 638 Waarabu Waislamu waliuchukua mji, na Kiarabu kikaenea mpaka kikawa lugha ya wenyeji wengi, Wakristu pia. Katika mwaka 1099 walikuja askari wa Vita vya Msalaba kutoka Ulaya, wakaua Waislamu na Wayahudi wengi mno ndani ya mji mtakatifu. Tusilifiche jambo hilo: walivaa msalaba kifuani wakatenda kama wale waliosulibisha. Katika mwaka 1187 Saladini aliwanyang'anya mji. Waturuki walitawala tangu 1516 mpaka 1917, na Waingereza tangu 1917 mpaka 1948. Katika mwaka 1948 serikali ya Israeli iliundwa, na Wapalestina karibu 700.000 walipoteza makao yao katika vita vya wakati ule. Ugomvi juu ya nchi hiyo haujakwisha, na damu inaendelea kumwagika. Tuwaombee wote wanaokaa huko, Wayahudi, Waislamu na Wakristu.

9. Jibu kwa mzee

Nilipofika hapo nilimwambia mzee hivi: Baba, marehemu baba yako hakusema uwongo. Kiswahili kilifika Maniema, Nyangwe na Kasongo, pamoja na wafanyabiashara wa pembe na watumwa. Kifaransa kilifika na watu wa mfalme Leopold, waliotawala tangu 1885 mpaka 1908, na baada yao serikali ya Ubelgiji mpaka mwaka 1960. Wazee wetu walitoa mpira, kisha kodi, kisha pamba ya kulazimishwa. Na padri wengine walifika nyuma ya bendera ile ile. Hayo ni kweli, na kweli haimwogopeshi Mungu.

Lakini usiseme kwamba Yezu alikuja pamoja na watoza kodi. Yeye alizaliwa upande wa waliotozwa. Na hapa kwetu tunaye shahidi wake, mwenye heri Isidori Bakanja, kijana Mkongo. Alipigwa viboko kwa amri ya Mzungu msimamizi wa shamba kwa sababu hakukubali kuvua skapulari yake, akafa kwa vidonda katika mwaka 1909, akimsamehe. Kama dini hii ingekuwa mali ya wenye viboko, wangempiga kwa nini?

Tena sikiliza maneno tunayosali. «Amina» na «Aleluya» ni Kiebrania. «Kristu», «Ekaristi» na «Eklezia» ni Kigiriki. «Misa» na «sakramenti» zatoka Kilatini. «Kitabu», «sala», «malaika» na «imani» zatoka Kiarabu. Kila mwenye nguvu aliyepita ameacha neno lake katika kinywa chetu. Yeye amekwenda, neno tumelitahirisha, linamtumikia Mungu. Lakini «Mungu» mwenyewe, na «moyo», na «upendo», na «uzima», na «kufufuka», hayo hayakuletwa na msafara wala na meli. Hayo tulikuwa nayo.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema kwamba ameridhika. Aliinama akaitazama ramani niliyoichora mavumbini, akasema: «Waliandika kwa lugha tatu ili wamwaibishe mbele ya watu wote. Kumbe walimtangaza.» Akachukua fimbo yake akaenda zake. Juma lililofuata alirudi, akaketi mahali pake.

Maulizo ya kukumbusha

Ulizo: Kwa nini wafalme wakubwa waliitafuta Palestina, nchi ndogo?
Jibu: Kwa sababu njia ya kutoka Misri kwenda Ashuru na Babiloni ilipita hapo, kati ya bahari na jangwa.

Ulizo: Kiaramu kilipataje kuwa lugha ya watu wa Galilaya?
Jibu: Kilitumiwa na serikali za Waashuru, Wababiloni na Waajemi, polepole wenyeji wakakifanya chao.

Ulizo: Wayuda walibaki na nini walipopelekwa Babiloni?
Jibu: Walibaki na neno la Mungu, wakaliandika na kulisoma pamoja.

Ulizo: Hati ya msalaba ilikuwa kwa lugha gani?
Jibu: Kwa Kiebrania, yaani lugha ya Wayahudi, kwa Kilatini, na kwa Kigiriki.

Ulizo: Mtu akikuambia kwamba Yezu ni wa watawala wageni, utajibu nini?
Jibu: Nitajibu kwamba alizaliwa katika taifa lililotawaliwa, akauawa kwa hukumu ya watawala wageni.

Wazazi waulizane maulizo haya na watoto wao jioni, kabla ya sala. Na mwenye swali gumu asilimeze. Amletee mwalimu wake.